Behewa Moja kwa Ishirini

Treni ya mizigo ikipita, watu hutazama kichwa. Watoto humpungia dereva, wakubwa husikiliza honi, na kichwa kikishapita kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, ilhali treni yenyewe, ile inayoleta pesa, bado inapita nyuma ya migongo yao. Mimi riziki yangu ilikuwa hiyo inayopita nyuma ya migongo. Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa Kilosa. Nilitembea kando ya treni iliyosimama, tochi mkono mmoja na nyundo mkono mwingine, nikigonga gurudumu baada ya gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima huitika. Lenye ufa hukoroma. Sasa nimestaafu, ninaishi Mikumi, na mabehewa ninayokagua yanaenea juu ya meza ya barazani.

Ninaunda mabehewa madogo ya mizigo kwa kipimo. Wapita njia hudhani ni vitu vya kuchezea, na siwalaumu. Nani aliyekulia huku asiunde lori la makopo lenye usukani wa waya na matairi ya kandambili zilizokatika? Nami niliunda, na mkono unaokata bati leo ni uleule. Tofauti ni moja. Lori la makopo ni lori la mawazo ya mtoto, hakuna anayeweza kuja kumwambia kwamba bodi imezidi urefu. Behewa la kipimo linakosoleka. Mtu akichukua futi kamba akaenda kupima behewa la kweli, kisha akarudi kwangu na rula, anaweza kunionyesha mahali nilipokosea. Utamu wa kazi hii upo hapo.

Wenzetu wa mbali wameifanya kwa muda mrefu. Mwaka 1891 kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye reli za upana uliopangwa kwa madaraja, ili mtoto aweze kuongezea reli na mabehewa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1935, mjini Milwaukee, Wamarekani waliunda chama chao cha kitaifa cha waunda reli ndogo, na shughuli yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kukubaliana vipimo, kwa sababu magurudumu ya kiwanda kimoja yalikuwa hayapiti kwenye reli za kingine. Leo huko Marekani na Ulaya (siyo kijiji chetu cha Ulaya kilichopo njiani kati ya Kilosa na Mikumi, nasema kule kwenyewe) kuna watu wazima, mahakimu na madaktari miongoni mwao, wanaoweza kubishana usiku kucha kuhusu idadi ya ribiti kwenye mlango wa behewa la mwaka 1937. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1 kwa 87, ambapo reli ya kawaida ya milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5. Behewa zima linakaa kwenye kiganja.

Mimi situmii 87. Macho yangu yamezeeka, halafu hesabu yake haikai kichwani. Natumia 1 kwa 20: mita moja ya stesheni ni sentimita 5 za mezani, na mtu wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 8 na nusu. Hapo hata mtoto wa darasa la tano atakufanyia hesabu bila kikokotoo.

Anayetaka kuanza ajue kwamba nchi yetu ina reli za upana wa aina tatu, na mkoa wetu wa Morogoro unazo zote. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma viwili, kama jirani yake ya Uganda iliyotangulia kujengwa kutoka Mombasa. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067, kwa sababu ilitakiwa kuungana na reli za Zambia na za kusini. Na SGR, reli mpya ya kisasa, ina 1,435. Ukigawa kwa 20 unapata milimita 50, 53.35 na 71.75.

Tazama hizo mbili za mwanzo. Milimita 67 tu zimezitenganisha, upana usiofika hata wa kiganja changu, na kwa milimita hizo behewa la Reli ya Kati haliwezi kukanyaga TAZARA. Tawi linalotoka Kilosa, likapita hapa Mikumi hadi Kidatu, lilijengwa kwa awamu katika miaka ya kukaribia na kufuatia Uhuru, zaidi kidogo ya kilomita 100. Huko Kidatu linakutana na TAZARA, lakini kukutana kwake ni kwa kutazamana. Mwaka 1998 kilifunguliwa pale kituo cha kuhamishia mizigo: behewa la huku linasimama upande huu, la kule linasimama upande ule, na shehena inatolewa hapa inaingizwa pale. Sasa sikiliza kichekesho. Ukigawa kwa 87, reli ya Kati inakuwa milimita 11.5 na TAZARA inakuwa 12.26. Madukani Ulaya huuzwa reli ya milimita 12, na waunda treni wa huko huitumia kwa zote mbili, kwa kuwa tofauti haionekani kwa jicho. Mtu aliyeko Hamburg anaweza kutoa treni Kilosa akaifikisha Mbeya bila kushusha gunia. Kwenye 1 kwa 20 njia hiyo ya mkato haipo. Milimita 3.35 zinaonekana, na gurudumu linazijua. Kidatu yangu ya mezani ina nyuzi mbili za reli zisizogusana na jukwaa katikati, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha kweli kuliko vyote nilivyounda.

Nirudi kwenye behewa. Kosa la wanaoanza wengi ni kusema, “Naunda behewa la mizigo.” Behewa gani? La lini? Yapo yaliyofunikwa, yaliyo wazi, ya bapa yanayobeba makasha, ya tangi za mafuta, ya kokoto yanayomwaga kwa chini. Na behewa lilelile hubadilika. Lililoingia kazini chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilibeba herufi EAR. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, behewa likawa la TRC, Shirika la Reli Tanzania. Kuanzia 2007 likawa la kampuni ya TRL. Kisha sheria ya mwaka 2017 ikarudisha TRC. Kila mara mtu alipita na ndoo ya rangi, na si kila mara rangi ilitosha. Niliwahi kukagua mabehewa ambayo, jua likiyapiga kwa ubavu, ungesoma herufi za mwenye mali wa zamani chini ya za mwenye mali mpya. Kwa hiyo kabla sijakata bati naandika juu ya karatasi: behewa la kufunikwa lenye bogi mbili (zile fremu za chini zinazoshika magurudumu), linabeba sukari kutoka Kidatu, msimu wa kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Karatasi hiyo ndiyo bosi wangu. Nikitaka kuongeza kitu kwa kuwa kinapendeza, naisoma tena.

Kupima kuna adabu yake. Eneo la reli si uwanja wa matembezi, na kuingia kati ya mabehewa bila ruhusa ni hatari na ni kosa kisheria. Nenda kwa stesheni masta, msalimie, mweleze. Atacheka kwanza. Ukiruhusiwa, pima behewa lililoegeshwa lisilo na kichwa, uwe na mwenyeji wa pale, na upige picha ya ubavu ukiwa umesimama mbali, mkabala na katikati ya behewa, siyo kwenye pembe, maana picha ya pembeni huongopa. Weka futi ya fundi wima kwenye picha. Pima umbali wa katikati ya bogi hadi katikati ya bogi, urefu wa sanduku, kimo cha sakafu kutoka juu ya reli, upana wa mlango. Hivyo vinne ukivipata sawa, jicho litasamehe mengine mengi.

Gurudumu halisameheki. Watu huniuliza kwa nini nisitumie vifuniko vya chupa, na hapo ndipo mkaguzi aliye ndani yangu huamka.

Behewa halina usukani. Magurudumu mawili ya ekseli moja yamebanwa juu ya chuma kimoja, yanazunguka pamoja, na hakuna linaloweza kumtangulia mwenzake. Lakini kwenye kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Basi ekseli inapitaje bila kuburuza? Siri iko kwenye sura ya gurudumu: halikukerezwa bapa. Lina mteremko, upande wa ndani mnene kuliko wa nje, na mteremko uliozoeleka duniani ni, bahati njema kwangu, 1 kwa 20. Ekseli ikisukumwa kuelekea nje ya kona, gurudumu la nje linakanyaga kwa unene wake, la ndani kwa wembamba wake. Kwa mzunguko mmoja la nje linakwenda mbali zaidi, na ekseli inajielekeza yenyewe. Kwenye njia iliyonyooka mteremko huohuo huirudisha katikati. Ule ukingo uliosimama ndani ya gurudumu, ambao kila mtu hudhani ndio unaoshikilia treni, hasa ni mlinzi wa dharura. Mlio wa kukwaruza unaousikia kwenye kona kali ni yeye akifanya kazi.

Kifuniko cha chupa hakina mteremko, na behewa lake litapanda reli kwenye kona ya kwanza. Yangu hukerezwa na kijana aliyesomea ufundi VETA ya hapa Mikumi, kutoka kwenye kipande cha nondo nene. Mwanzoni alinitazama kwa huruma. “Babu, nani ataona mteremko huu?” Nikamwambia ataona yeye mwenyewe. Tulisukuma bogi mbili kwenye kona ya mezani, moja ya magurudumu bapa na nyingine ya mteremko. Tangu siku hiyo ndiye anayenigombeza mimi nikizidisha kupiga msasa.

Halafu kuna uzito, na uzito una hila. Urefu ukigawanywa kwa 20, eneo linagawanyika kwa 400, na ujazo kwa 8,000. Behewa tupu la tani 16, kama lingesinyaa na chuma chake chote, lingekuwa na kilo 2. Shehena ya tani 30 za sukari, yaani magunia 600 ya kilo 50, ingekuwa kilo 3 na robo tatu, kila gunia gramu 6 na robo. Hayo yanawezekana, na magunia nimeshona, ya kitambaa cha shuka kuukuu, siyo yote 600, yale tu yanayoonekana mlango ukiwa wazi. Ila ndani yake siwezi kuweka sukari. Punje ya sukari haikubali kusinyaa. Katika dunia ya 1 kwa 20 ina ukubwa wa kokoto, na gunia linatokeza vinundu. Natia majivu ya kuchekecha. Ni mepesi mno, kwa hiyo uzito uliobaki naufidia kwa vipande vya risasi chini ya sakafu, katikati ya bogi, mahali ambapo havionekani. Behewa jepesi huruka reli, na lenye uzito juu hupinduka.

Springi nazo hazisinyai vizuri. Behewa kubwa lina springi zinazoiwezesha kila bogi kufuata mabonde ya reli. Zangu zingekuwa ngumu kama mawe. Mafundi wa zamani wa burudani hii walipata dawa: bogi moja iache icheze kulia na kushoto, nyingine iruhusu kugeuka tu bila kuyumba. Behewa linakaa kwa nukta tatu, kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakitikisiki hata kwenye sakafu ya udongo.

Kuta natengeneza kwa bati la kopo la maziwa ya unga. Bati la behewa lenye milimita 3 linatakiwa liwe milimita 0.15, na bati la kopo ni nene kidogo kuliko hapo, lakini kidogo tu. Ribiti nazitoa kwa nyuma: naweka bati juu ya kipande cha mpira mgumu, nabonyeza kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kinundu kinatokea upande wa pili. Kichwa cha ribiti cha sentimita 2 kinakuwa milimita moja. Zinatakiwa kukaa kwenye mstari na kwa nafasi sawa, na hapa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alinipa gurudumu lake la kuhamishia ruwaza kwenye kitambaa. Linatia alama za nukta zenye nafasi sawa kabisa. Nilipoomba la pili akasema ninunue langu.

Nguzo za kona, fremu na ngazi ni bati lililokunjwa, na viungo nalehemu. Mbao natumia kwa sakafu peke yake, vipande vyembamba vya mkangazi kutoka kwenye takataka za seremala. Nasikia vijana wa mijini sasa wanatoa sehemu nzima kwa printa za 3D, na waliofika mbali zaidi huchora kila bolti kwenye kompyuta kwanza. Sina ugomvi nao. Kuchora vizuri nako ni kupima.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu wanapaka behewa jipya. Behewa jipya liko mahali pamoja tu, mlangoni mwa kiwanda. Behewa la kazini lina uchafu wenye anwani. Vumbi la breki, ambalo ni chuma kilicholika, huwa la kahawia na hukaa kwenye bogi na chini ya kuta, siyo juu. Kutu huanza kwenye mishono na chini ya mlango mahali maji yanapotuama. Paa huwa na alama za mvua zinazoshuka. Karibu na vipini pana mng'ao wa mikono. Natumia unga wa tofali la kuchoma, masizi ya jiko na gundi ya mbao iliyozimuliwa. Kwa rangi iliyobanduka kuna njia ya chumvi: paka rangi ya kutu, iache ikauke, lowanisha, nyunyizia chumvi mahali unapotaka, paka rangi ya behewa juu, ikikauka sugua. Chumvi inatoka na rangi iliyo juu yake, kutu inachungulia. Mgeni mmoja aliyekuwa akitoka Hifadhi ya Mikumi alisimamisha gari, akatazama, akaniuliza kwa upole kama nimeshindwa kupata rangi ya kutosha. Kisha akaulizia tembo wa kuchonga. Mikumi kila mtu anauliziwa tembo.

Swali la “vya nini?” huja kila wiki, na jibu langu hubadilika. Kuna siku nasema ni kwa sababu mabehewa hayahifadhiwi. Vichwa vya mvuke vimepata makazi: Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, wamekaa Mount Gelai na Mount Shengena, majitu ya Garratt yenye majina ya milima ya huku kwetu Tanzania, na watu hulipa kiingilio kuyaona. Behewa la mizigo likichakaa hukatwa likauzwa chuma chakavu. Lakini ni mabehewa yaliyopitisha pale Kilosa meli nzima, Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ikiwa imefunguliwa na kupangwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000 kuelekea Kigoma, ikaelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ni mabehewa yaliyokwama wakati mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoifagia njia kati ya Kilosa na Gulwe, na bei za sokoni zikatuambia sote yalikuwa yanabeba nini. Siku nyingine nasema tu kwamba inanipendeza, na hilo nalo ni kweli.

Kazi iliyoko mezani sasa ni ya SGR. Kilosa siku hizi watu hukimbilia kupiga picha treni ya mchongoko ikitokea mahandakini, nami nasubiri ya mizigo. TRC iliagiza China mabehewa 1,430 ya mizigo kwa reli hiyo, na njia imejengwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli, mzigo ambao reli yetu ya zamani isingeuthubutu. Kule siwezi kuingia na futi kamba. Njia imezungushiwa uzio na juu kuna waya wa umeme wa volti 25,000. Lakini kasha la mizigo ni rula iliyotengenezwa kwa sheria ya dunia nzima. Kasha la futi 20 lina urefu wa mita 6.058 na upana wa mita 2.438, liwe limetoka Shanghai au Mombasa. Ukipata picha ya ubavu ya behewa bapa lililobeba kasha, pima kasha kwenye picha, pima behewa kwenye picha hiyohiyo, fanya uwiano, umepata urefu wa behewa bila kulisogelea. Kwenye meza yangu kasha hilo ni milimita 302.9.

Kijana wangu wa kukereza ameshaanza ekseli. Juzi alikuja kuuliza kama ile 71.75 tuifanye 72, kazi iwe nyepesi, maana ni robo milimita tu. Nilimwambia robo milimita hiyo, ikirudi kwenye reli ya kweli, ni milimita 5, na behewa lenye magurudumu yaliyopanuka milimita 5 nisingeliruhusu litoke Kilosa. Amerudi kwenye mashine.